Fagio Katika Simu ya Semei

Busia, Uganda
Jumapili, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Edrine,

Pokea salamu zetu. Hapa wote wazima. Mvua imetutesa wiki hii na barabara ya sokoni ni tope tupu, lakini mahindi yamesimama vizuri. Sanyu amemaliza mitihani ya muhula na anakusalimu, anasema mjomba asisahau ile kava ya simu yenye maua. Mama mkwe goti bado linamsumbua, ila mdomo hauna tatizo lolote, kwa hiyo tunajua ni mzima.

Barua hii anakuletea shemeji yako mwenyewe. Semei ananicheka, eti amegeuka posta, kila akipeleka mafuta na unga Juba lazima abebe na bahasha. Anauliza kwa nini tusipigiane simu kama watu wengine. Nikamwambia marehemu baba alitulea hivyo, yeye akiwa kambi ya jeshi ya Moroto na sisi kambi ya Jinja. Kwake jambo ambalo halijaandikwa lilikuwa halijasemwa. Basi tumezoea.

Sasa neno langu. Simu yangu imekuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nikibonyeza, inafikiri kwanza. Chaji asubuhi imejaa, mchana imekwisha. Jirani yangu Shallon ameweka programu inayozima programu nyingine zote zinazojificha nyuma, na anasema simu yake sasa inakimbia. Lakini Mwalimu Fortunate, anayemfundisha Sanyu kompyuta, anasema tusiguse vitu hivyo, simu inajua yenyewe kupanga kazi zake, na ukizima kitu kinachohitajika kitawaka tena na kula chaji zaidi.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niweke au nisiweke?

Ni mimi dada yako,
Daphine


Gumbo, Juba
Jumapili, 23 Juni 2024

Dada Daphine,

Salamu zimefika, na sukari, na ile sabuni. Asante. Mimi mzima. Joto la huku unalijua, vumbi la barabara ya Nimule linaingia mpaka ndani ya simu za watu, na hilo ndilo linalonilisha. Annet, mama anayepika kando ya kibanda changu, anakusalimu. Yeye alikaa ukimbizini Adjumani miaka mingi, kwa hiyo tukikutana tunazungumza habari za Uganda mpaka wateja wanakasirika.

Kuhusu simu: weka. Mwalimu Fortunate anasoma vitabu, mimi nashika simu arobaini kwa siku. Simu nyingi za huku ni ndogo, kumbukumbu kidogo, betri za bandia, na umeme ni wa kubahatisha. Mtu anakuja kuchaji, anangoja, anaondoka, kesho yuko hapa tena. Tangu nianze kuwawekea programu moja inaitwa Fagio wanakaa na chaji siku nzima. Ukiigusa, ufagio unapita kwenye kioo na inakuonyesha imezima vitu vingapi. Watu wanaupenda ule ufagio, dada. Wanabonyeza wakitabasamu.

Nimemwekea na Semei. Yake nimeipanga vizuri zaidi: kila akifunga kioo, Fagio inazima yote yenyewe, hana haja ya kugusa. Alikuwa analalamika kwamba akifika mpakani Nimule simu imekufa. Sasa atafika nayo hai.

Mwambie Sanyu kava iko kwenye mfuko.

Mdogo wako,
Edrine


Busia
Jumapili, 28 Julai 2024

Edrine,

Habari za huko? Hapa tunashukuru. Tumevuna upande wa juu. Mama mkwe amepelekwa kliniki, goti limepunguzwa maji, na sasa anatembea mpaka kanisani akimlaumu kila mtu kwamba hatukumpeleka mapema.

Nilifanya ulivyosema, nikaweka Fagio. Wiki ya kwanza nilifurahi. Halafu kengele ya kuniamsha ikaanza kunyamaza. Nilidhani ni mimi ninayelala sana. Halafu Semei akawa ananiandikia kutoka njiani, hakuna kinacholia, mpaka nifungue WhatsApp mwenyewe ndipo ujumbe unaingia kwa kishindo, jumbe tatu nne kwa pamoja. Siku moja aliniandikia asubuhi kwamba amekwama mpakani Elegu. Nikasoma jioni, wakati nimekwishampikia.

Mwalimu Fortunate akaishika simu yangu, akacheka kidogo. Akasema, "Mama Sanyu, umeajiri mlinzi anayewafungia nje hata wageni wako." Nimeitoa.

Nimemwambia Semei na yeye aitoe. Unamjua shemeji yako. Anasema, "Edrine ni fundi, akisema iko sawa iko sawa. Mimi sitamvunjia kazi yake kwa maneno ya mwalimu." Basi ninakuomba wewe, akija, muitoe. Au kama mimi ndiye nisiyeelewa, nieleze. Naye anategemea sana lile kundi la madereva, la kuambiana hali ya barabara. Nisingependa likawa kama kengele yangu.

Dada yako,
Daphine


Gumbo, Juba
Jumapili, 11 Agosti 2024

Dada,

Naandika haraka, Semei anaondoka kesho asubuhi na wateja wamejaa. Wote wazima huku. Nimefurahi kusikia goti la mama limepoa.

Lile jambo la simu lisikusumbue. Ujumbe kuchelewa ni mtandao, hasa mpakani, pale hata mimi zangu zinachelewa. Fagio haina kosa. Nimewawekea watu zaidi ya mia mbili na hakuna aliyerudi kulalamika. Mwalimu akitaka kunifundisha kazi, aje Gumbo akae hapa kibandani mwezi mmoja.

Simu ya Semei nimeichaji mpaka mia. Atakuletea na dagaa wa mtoni, uwakaange vizuri.

Edrine


Busia
Jumapili, 15 Septemba 2024

Edrine,

Nilikupigia mara nne baada ya mazishi ya Semei. Hukupokea. Kwa hiyo naandika, na barua hii anakuletea Emilio, yule dereva rafiki wa Semei. Amekubali kutubebea barua.

Tuko hai. Sanyu amerudi shule. Mama mkwe haendi tena kanisani, watu wa kanisa ndio wanakuja. Anakaa mlangoni na ile shuka ya Semei mapajani.

Barua yako ya tarehe kumi na moja ilinifikia pamoja na vitu vyake. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Nusu yake haisomeki, lakini hiyo nusu nyingine nimeisoma.

Watu waliuliza kwa nini ulisindikiza mwili hadi Nimule halafu ukageuka. Nilisema hati yako ya kusafiria imekwisha muda. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyomwambia Emilio. Mama mkwe wakati wa kutupa udongo alisimama, akatazama watu mmoja mmoja, na mimi nilijua anamtafuta nani.

Emilio alikuwapo asubuhi ile, kwenye malori sita yaliyosimama Nesitu, mbele kidogo ya Gumbo. Anasema kwamba kwenye saa moja na nusu aliweka ujumbe kwenye kundi: risasi zinalia mbele, mtu asipite. Madereva wote waliojibu walisimama. Halafu wakaliona lori la Semei linapita bila kupunguza mwendo. Wakapiga honi. Emilio anasema Semei aliwapungia mkono, alidhani wanamsalimu.

Wewe ulikuwa naye asubuhi ile. Niambie ilikuwaje. Kwa nini yeye peke yake hakusikia?

Daphine


Gumbo, Juba
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa,

Pole tena, na pole kwa mama na kwa Sanyu. Samahani kwa kuchelewa. Nilipata malaria, na mvua zilifunika upande wetu, maji yakaingia kibandani, tukahamisha vitu. Annet alifiwa na shangazi yake. Mambo yalikuwa mengi.

Umeuliza ilikuwaje. Mimi sikuwa barabarani, ila nilimtafuta Loro, utingo wake, nikazungumza naye hospitalini. Mkono wake unapona. Nakuandikia alivyoniambia, kwa Kiswahili chake.

"Sisi iko napita Nesitu," alisema. "Semei iko na furaha, anaimba. Mimi anauliza, hii magari nasimama ya nini? Yeye anasema, wanakunywa chai, sisi tumekunywa kwa Edrine, twende. Tunaenda kidogo, dakika kumi hivi. Barabara tupu. Mafi gari, mafi mtu. Mimi anasema, mzee, hii barabara iko tupu sana. Yeye anachukua simu, anataka kuangalia. Kabla hajafungua, ta-ta-ta upande yake. Ananisukuma mimi chini na mkono. Gari inaingia mtaro. Mimi natambaa kwa nyasi. Semei hakutoka. Khalas, imekwisha."

Hakuteseka, dada. Loro anasema ilikuwa mara moja.

Kwa nini hakusikia, mimi nadhani ni mtandao. Hapo katikati ya Gumbo na Nesitu mtandao unakuja na kwenda. Na Loro hana simu tangu yake iibiwe sokoni Konyo Konyo. Ni bahati mbaya iliyokutana na bahati mbaya nyingine.

Naomba unifikishie salamu kwa mama.

Edrine


Busia
Jumapili, 10 Novemba 2024

Edrine,

Tumepata barua. Asante kwa maneno ya Loro. Nilimsomea mama mkwe. Nilipofika pale pa kumsukuma Loro chini akaniambia nirudie, nikarudia.

Mtandao ulikuwapo. Emilio alikuwa Nesitu hapohapo na ujumbe wake ulikwenda na majibu yalirudi. Dereva aliyekuwa nyuma ya Semei kwa mwendo wa nusu saa aliupokea akiwa bado karibu na Gumbo, akageuza.

Simu ya Semei iko hapa, ina ufa mmoja tu pembeni. Mwalimu Fortunate ameitazama. Kasema Fagio ikizima kitu, haikizimi kama mtu anayefunga mlango kwa muda. Inakilaza kabisa, na ujumbe hauingii mpaka mwenye simu akifungue kwa mkono wake. Kasema hivyo taratibu, akiniangalia, kwa sababu anajua ni nani aliyeiweka.

Mimi sijasoma mambo haya. Wewe ndiye fundi. Kwa hiyo nakuuliza kama fundi, si kama ndugu: bila Fagio, ujumbe ule ungelia?

Na nakuuliza kama ndugu: kuna jambo jingine?

Daphine


Gumbo, Juba
Alhamisi, 9 Januari 2025

Dada,

Krismasi imepita sijakuandikia. Emilio alikuja mara tatu akaniuliza kama nina bahasha, nikamwambia sina. Mara ya tatu alisema, "Edrine, mimi si mtoto," akaondoka.

Nitaandika sasa, na nisipomaliza leo sitamaliza tena.

Ungelia. Hilo ndilo jibu la fundi. Simu yake ingelia mfukoni kabla hajafika Nesitu, na angeisikia, kwa sababu nilikuwa nimemwekea mlio mkubwa.

Sasa hili jingine.

Asubuhi ile Semei alikuja kuchukua simu na barua. Tulikunywa chai kwa Annet, na chapati mbili mbili. Alikuwa na haraka kidogo, alitaka kufika mpakani mapema. Nilimwuliza, "Daphine amesema nikutolee Fagio. Nikutolee?" Akasema, "Wewe unasemaje?" Nikasema, "Iko sawa." Akasema, "Basi." Ndivyo ilivyokuwa, dada. Ilichukua muda mfupi kuliko kukoroga sukari. Akaondoka saa moja kamili.

Kwenye saa moja na dakika arobaini alifika Maker, yule wa raksha, hizi bajaji za huku, anayeleta abiria kutoka Nesitu. Raksha ilikuwa tupu. Hakuzima hata injini. Akasema mbele ya Nesitu kuna watu wenye bunduki, wamesimamisha gari dogo, watu wamekimbilia porini. Nilichukua simu papo hapo nikamtumia Semei ujumbe wa sauti. Nilimwambia asipite, akae Nesitu.

Nikaangalia. Tiki moja.

Mtu mwingine angesema ni mtandao. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeipanga simu ile kwa mikono yangu, nilijua akifunga kioo nini kinatokea. Nilijua kwamba tiki ile haitakuwa mbili mpaka afungue mwenyewe, na Semei akiendesha hafungui simu kama haijalia.

Na nilikuwa na namba yake ya huku. Madereva wengi walikuwa na ile ya Uganda tu, ambayo akivuka mpaka haipigiki, anaitumia kwa WhatsApp peke yake. Mimi nilikuwa na hii nyingine, kwa sababu nilimnunulia laini mimi mwenyewe. Simu ya kawaida Fagio haiizimi. Ningepiga ingelia.

Umeniuliza kama kuna jambo jingine. Ndilo hili. Sikupiga.

Nimejiuliza kwa miezi mitano kwa nini, na kila siku najipa jibu tofauti. Kulikuwa na watu mbele yangu. Nilikuwa na simu ya mteja iliyofunguliwa, skrubu kiganjani. Nilijiambia atasimama Nesitu kunywa chai kama kawaida yake, atafungua simu, ataona. Nikasahau kwamba chai amekwishainywa kwangu. Hayo yote ni kweli, lakini chini yake kuna jambo dogo la aibu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekuandikia kwamba Fagio haina kosa. Barua ilikuwa mfukoni mwake. Ningempigia, angeniuliza, "Mbona hukuandika kwenye WhatsApp?" Ningelazimika kusema, nimeandika, haifiki. Angecheka, na angekusimulia wewe, na wewe ungemsimulia mwalimu. Nikaona ngoja kidogo. Nikarudi kwenye skrubu.

Nilipoinua kichwa tena ilikuwa saa mbili na robo. Hapo ndipo nilipopiga. Ililia, dada. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

Nimule niligeuka kwa sababu nisingeweza kusimama kaburini na mama yake. Hati yangu haijaisha muda.

Na kuna hili la mwisho, halafu nimemaliza. Tarehe ishirini Agosti, siku ya tatu baada ya mazishi, nilikuwa nimekaa na simu, na ile tiki moja ikawa mbili mbele ya macho yangu. Kisha zikageuka buluu. Nikajua umeifungua simu yake na umenisikia. Kwa hiyo ulipouliza Septemba, nilijua unajua. Na bado nikakuandikia habari za mtandao.

Tangu Novemba nimekuwa nikienda kwenye maegesho ya malori, dereva mmoja mmoja, nikiomba simu niitoe Fagio. Sikuwaambia kisa chote, nilisema tu nilikosea. Wengi wamenipa. Mmoja alikataa, akasema bila ile programu betri haifiki Nimule. Nikamshika mkono nikimsihi, akanisukuma, nikaanguka mbele ya watu. Nilirudi kwake kesho yake. Bado anakataa. Waliochukua Fagio kwangu nisiowajua majina ni wengi kuliko ninaowajua.

Sikuombi kitu.

Edrine


Busia
Jumapili, 2 Februari 2025

Edrine,

Sanyu mzima, yuko kidato kipya. Mama mkwe amekonda. Mimi nauza nyanya na vitunguu pale mbele ya nyumba, inatosha kwa chakula.

Ni kweli, niliifungua tarehe ishirini. Sanyu alitaka picha za baba yake. Niligusa WhatsApp na zikaingia, moja juu ya nyingine, simu ikitetemeka mkononi kama kitu kilicho hai. Emilio. Kundi. Mimi mwenyewe, nikimwuliza kama atafika Jumatano. Na wewe.

Nilikusikiliza nikiwa peke yangu. Dakika moja na sekunde nne. Unasema, "Shemeji, habari, usipite Nesitu, kuna watu mbele, kaa hapo kwanza." Halafu kuna mwanamke anauliza jambo, na wewe unamwambia bei ya kioo. Unamwambia kipo cha asili na kipo cha kawaida. Unamweleza tofauti. Halafu unarudi kwa Semei: "Basi shemeji, tutaongea." Sauti yako imetulia, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

Kuhusu Fagio nilikuwa nimekwisha kukusamehe kabla hujaomba. Ulikosea kazi, na hata mimi niliiweka, na Semei mwenyewe alikataa kuitoa. Kilichonikaa kifuani ni ile bei ya kioo. Nilitaka uniambie wewe, nisikutoe maneno kama jino. Nikangoja Septemba, nikangoja Oktoba, ukaniandikia mtandao. Nilikuwa naingia kanisani nikiwa na barua yako kwenye mkoba, na watu wakiniambia, "Ndugu yako huyo amepoteza shemeji mwema," na mimi naitikia, ndiyo.

Sasa umesema. Lakini umeniambia mimi, ambaye nilikuwa najua. Mama Semei hajui. Kila siku anauliza mbona Edrine haji, anadhani unaogopa barabara. Nimechoka kumjibu kwa niaba yako.

Njoo umwambie. Usitume barua, macho yake hayasomi, na mimi sitamsomea hiyo.

Daphine


Busia
Jumapili, 27 Aprili 2025

Edrine,

Emilio ameniambia ulifika Gumbo salama, na kwamba mlipita Nesitu mchana.

Ulitoka haraka, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Nakuandikia kwa sababu ni haki yako kujua.

Wewe ulipomaliza kumsimulia mama mkwe na yeye akakuuliza lile swali moja, "Ulikuwa na namba yake?" na ukamjibu, "Nilikuwa nayo, mama," najua ulitegemea atapiga kelele. Mimi pia. Aliposema, "Nenda sasa, chakula hakijaiva na sitaki ungoje," nilikuona ukiinama kuchukua mfuko wako. Nilitaka kukusindikiza mpaka njiani. Nikageukia sufuria. Sanyu ndiye aliyekukimbilia na maji, na nilimwacha aende.

Ulipotoweka, mama mkwe aliniambia nilete simu. Sikujua kama anajua kwamba ujumbe wako upo. Akasema, "Kama alimtumia sauti, imo humo. Niwekee." Nikamwekea. Alisikiliza yote, na ile ya kioo pia. Akasema rudia. Nikarudia mara tatu.

Halafu akasema, "Kumbe alimwita. Nilidhani hakumwita kabisa." Shallon akaingia, akatoka. Mwisho akasema, "Alimwita. Ila hakusubiri aitike." Akanirudishia simu, akaomba asogezewe kivulini.

Tangu siku hiyo hajaulizia habari zako. Juzi lakini nilimsikia akimwambia mgeni kwamba mwanawe alikunywa chai na chapati mbili asubuhi ile, kwa watu wake, na hakufa na njaa. Alilisema kama jambo la kushukuru. Sijui ufanye nini na hilo. Mimi sijui nifanye nini nalo.

Emilio anasema yule dereva aliyekusukuma amekubali kutoa Fagio, na kwamba bado unazunguka maegesho kila Jumamosi, na sasa unasimulia kisa chote, na namba yako, na bei ya kioo. Kwamba wengine wakisikia hawaleti tena simu zao kwako. Niliposikia hivyo nilikaa chini. Sikufurahi, lakini nilikaa chini.

Mimi siwezi kukuambia kwamba yamekwisha. Nikilala nasikia ile sauti yako iliyotulia. Pengine itapungua, pengine la. Sanyu anataka kukuandikia na sitamkataza.

Ukiandika nitasoma. Kujibu sijaahidi.

Daphine